Gunia, kodi ya nyumba na mkopo wa chuo: hesabu ambayo haipigwi majukwaani

Msimu wa siasa ukikaribia, kuna maneno matatu lazima yarudi. Vijana warudi shambani. Waliosomeshwa kwa mkopo walipe. Kodi ya nyumba imezidi, kwa hivyo tuwajengee nyumba. Kila moja lina wapiga makofi wake, na usiku ukiingia mtandaoni utakuta watu wanatukanana juu ya kila moja peke yake, kana kwamba ni mambo ya watu tofauti. Kwangu mimi yote matatu yanafika wiki moja, mwisho wa mwezi, na yote yanapitia ndani ya gunia. Uzi huu ni wa historia ya hilo gunia. Sitaji mwanasiasa wala chama. Mkitaka kutajana, hiyo ni yenu.

Gunia lenyewe kwanza. Linatoka Chavakali, kaunti ya Vihiga, karibu kila mwezi. Mama analishona kwa uzi wa katani, anaandika jina langu na namba ya simu kwa kalamu nene, analipa mzigo kwa basi la usiku. Saa kumi na moja na nusu asubuhi niko Machakos Country Bus, Nairobi, nalitafuta kati ya magunia ya wenzangu. Ukichelewa mboga zinapata joto na kuanza kunuka. Ndani kuna mahindi, maharagwe, ndizi mbichi, parachichi zikiwa msimu, na juu kabisa mrenda, kunde na saga zimefungwa kwa majani ya mgomba. Simu inalia kabla sijafika stejini: "Mama, gunia limefika?" Mamangu huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mamake.

Kula kuna utaratibu. Mrenda hausubiri, unaliwa jioni hiyo hiyo, umechanganywa na kunde na chumvi ya majivu ambayo mama hufunga kando kwenye kikaratasi, kwa ugali wa wimbi. Saga inakaa siku mbili. Maharagwe yanafika mwisho wa mwezi. Na pale kwenye ploti yetu Zimmerman gunia halikai la mtu mmoja. Jirani wa mlango wa pili anatoka Kinangop, akipata viazi na kabichi tunabadilishana. Wa chini ana shangazi Homa Bay, huyo ni wa omena. Kuna Jumapili tunakula vizuri kuliko watu wa hoteli, na hakuna aliyetoa hata bob moja sokoni. Siwadanganyi, hizo Jumapili ni tamu.

Sasa hesabu. Mshahara wangu kabla ya makato ni 38,000. NSSF inachukua 2,280, bima ya afya ya SHIF 1,045, tozo ya nyumba 570, kodi ya mapato kama 2,600. Mkopo wa chuo 3,500. Ninashika karibu 28,000. Bedsita ni 10,500. Zinabaki 17,500, na hapo kuna nauli ya kwenda kazini 200 kila siku, tokeni za stima, maji, intaneti, na 3,000 ninazomtumia mama. Nilikuwa najisifu sana na hizo 3,000. Kwenye mjadala mmoja niliwahi kuandika kwamba vijana wa mjini ndio wanaolisha vijiji. Nikapata likes si haba.

Halafu mwaka jana, siku moja tu nikiwa sina la kufanya, nilimwaga gunia sakafuni, nikapima kila kitu na kukipigia bei ya mama mboga wa hapa kwetu. Nilipata 4,850. Ukiongeza nauli ya mzigo aliyolipa yeye, inapita 5,200. Mimi ninatuma 3,000. Nilirudia hesabu mara mbili. Mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye zaidi kidogo tu ya nusu eka ndiye anayenilisha mimi mwenye digrii. Bila gunia, ile 3,500 ya mkopo ningeitoa wapi? Kwenye hati yangu ya mshahara imeandikwa jina langu, lakini anayeulipa mkopo ule yuko Chavakali.

Nikadhani ni mimi tu nimeshindwa na maisha. Kisha nikaanza kusoma, nikakuta mpango huu una zaidi ya miaka mia moja, na ulipangwa hivyo kwa makusudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi kwa kila kibanda. Lengo halikuwa hela tu. Mtu akidaiwa kodi kwa sarafu, na sarafu haioti shambani, lazima aende kuitafuta kwa mzungu au kwenye reli. (Ona lugha yetu ilivyo na kumbukumbu: neno kodi ni lile lile kwa serikali na kwa landlord.) Wanaume wa kutoka upande wetu wa magharibi walitoka kwa wingi. Na mshahara waliokutana nao ulikuwa mdogo kwa sababu iliyosemwa waziwazi: huyu ana shamba kwao, mke wake analima, watoto wanakula huko. Kwa hivyo mlipe kinachomtosha yeye peke yake. Wenyewe waliuita mshahara wa kapera, hata kama mwenyewe alikuwa na watoto sita nyumbani.

Nyumba nazo zikajengwa kwa hesabu hiyo hiyo. Nairobi ya Mwafrika ilikuwa ya vitanda, si ya familia. Pale Muthurwa, karibu na ninapochukulia gunia langu, reli ilijenga makazi ya wafanyakazi wake, vyumba vidogo ambavyo hukuwaza kumleta mama na watoto. Pumwani ilianzishwa miaka ya 1920 kama mahali pa Waafrika kukaa chini ya macho ya manispaa. Mji ulitaka mikono ya mtu. Tumbo lake na uzee wake vilikuwa mzigo wa kijiji.

Watu hawakunyamaza. Mombasa, 1939, wafanyakazi waligoma, na moja ya malalamiko makubwa ilikuwa kodi ya nyumba. Bei za vyumba zilikuwa zimepanda, mshahara umesimama. Waajiri kadhaa wakalazimika kuongeza posho ya nyumba, na tume ikaundwa kuchunguza hali ya wafanyakazi. Ukiona leo kwenye hati yako ya mshahara pameandikwa posho ya nyumba, usidhani ni zawadi ya bosi. Kuna makuli wa bandarini walikaa bila kazi na bila chakula ndipo fikra hiyo ikaingia. Januari 1947 Mombasa ikagoma tena, safari hii mji mzima karibu ukasimama.

Halafu ukaja mwaka ambao ningependa kila mtu anayebishana mtandaoni aujue: 1954. Mwaka huo yalitoka mambo mawili. La kwanza ni ripoti ya Kamati ya Carpenter kuhusu mishahara ya Waafrika. Ilisema kile ambacho kila mama kijijini alikijua: mshahara wa mjini umepimwa kwa mtu mmoja asiye na familia, na kazi haiwezi kutulia hivyo. Ikapendekeza uhamishwe kwa awamu, uwe mshahara wa kutosha mtu na familia yake. La pili ni Mpango wa Swynnerton, wa kuunganisha vipande vya ardhi, kutoa hatimiliki na kuwaruhusu Waafrika wengi zaidi kulima mazao ya kuuza, kama kahawa, ambayo kwa miaka walikuwa wamewekewa vikwazo.

Ukiziweka pamoja, serikali ile ile, katika mwaka mmoja, ilisema mji ulipe familia na kijiji kilime kiuze. Nusu ya pili ilifuatwa kwa nguvu zaidi. Hatimiliki zilitoka, kahawa na chai zikapandwa, na zilisomesha watoto wengi. Ile nusu ya mshahara wa familia, tukapiga hatua kadhaa, kisha bei zikatupita mbio. Mpaka leo mwajiri wa Nairobi hahitaji kusema una shamba kwenu. Analipa tu kana kwamba unalo.

Kuhusu kodi, kuna kitu kitawachekesha. Kenya ina sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, na baraza la kusikiliza kesi hizo liko. Mpangaji anayelindwa ni yule wa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Sheria haijafutwa. Nitafutieni hiyo nyumba. Hata vyumba vingi vya mabati vimeanza kupita hapo. Bedsita yangu iko mbali nje ya ulinzi huo, kana kwamba mimi ni tajiri, na mwaka huu keateka alileta karatasi ya nyongeza ya 1,000 akaiteleza chini ya mlango, hata hakubisha.

Sasa mkopo wa chuo. Hapa ndipo vita vya mtandaoni huwa vikali, twende pole pole.

Mkopo wa elimu ya juu Kenya ulianza kabla ya uhuru. Mwaka 1952 kulikuwa na mfuko wa kuwakopesha waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Baada ya uhuru serikali iligharamia wanafunzi wa chuo kikuu, nao wakitoka wakaitumikia nchi kwa muda, kwa sababu ofisi zilikuwa tupu. Mwaka 1974 ukaja mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Angalieni mkopo ule ulikuwa wa nini: chakula, malazi, vitabu, matumizi. Masomo yenyewe serikali iliendelea kulipia. Mwanafunzi alikuwa na kitanda, alikula mezani, na mfukoni alikuwa na ile pesa iliyoitwa bumu. Wako wazee wetu waliojenga nyumba kwao kwa bumu, hilo si siri, na wengi hawakuurudisha mkopo kwa sababu hakukuwa na chombo cha kuwafuata.

Bumu iliondolewa 1991, ada ya moja kwa moja ikaanza, na katika miaka hiyo ya tisini meza ya chuo ikageuka: unakula unacholipia. Mimi naona hapo ndipo gunia la kijijini lilipoingia rasmi chuoni. Mwanafunzi alianza kupika chumbani kwa koili, unga na maharagwe kutoka kwao. Mwaka 1995 ikaundwa HELB, kwa sheria ya Bunge, ikapewa meno ambayo mpango wa zamani haukuwa nayo. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, kulipa kunaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekwepa anatozwa faini ya 5,000 kila mwezi. Mwajiri anakata kabla hujaona pesa.

Niseme wazi, mimi nalipa, na naona ni haki kulipwa. Zile pesa zinazunguka, ninachorudisha ndicho atakachokopeshwa mtoto mwingine. Wanaosema mikopo yote ifutwe sijawahi kuwasikia wakisema huyo mtoto mwingine atapata wapi. Ninachokataa ni ile hotuba ya dharau, kwamba vijana hawa hawalipi kwa sababu ni wavivu na wanapenda raha. Mara nyingi anayeihubiri ni mtu aliyesoma wakati masomo yalilipwa, akala mezani, akapewa za mfukoni, na alipotoka kazi ilikuwa inamsubiri. Mwaka mmoja wa kusubiri ulipangwa kana kwamba kila anayevua joho anaingia ofisini. Mimi nilikaa miaka miwili na nusu. Miaka hiyo nilikaa kwa nani? Nilikula nini? Mnajua.

Mwaka 2023 mfumo ukabadilika tena. Badala ya pesa kupelekwa chuoni kwa kila mwanafunzi, mwanafunzi anawekwa kwenye kundi kulingana na uwezo wa familia, anapata sehemu ya ufadhili, sehemu ya mkopo, na sehemu inayobaki inalipwa na nyumbani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka katiba, na mambo yakaendelea kwenye rufaa. Wanasheria waendelee. Mimi nataka tuitazame hiyo sehemu ya tatu, ile inayolipwa na nyumbani. Kwa familia kama yetu, nyumbani ni nini? Hakuna duka, hakuna gari la kubebea mizigo. Nyumbani ni nusu eka.

Na hapo ndipo historia iliponipata mimi mwenyewe, kwa sababu mdogo wangu ameitwa chuo.

Mama alinipigia usiku, si kawaida yake. Akaanza kuuliza hali ya hewa, nikajua kuna jambo. Mwishowe akasema kuna mtu anataka kukodisha kipande cha chini, kile cha kando ya kijito, kwa miaka sita. Atapanda mikaratusi, auze nguzo. Analipa pesa yote mara moja, na pesa hiyo inafunika sehemu ya nyumbani ya mwaka wa kwanza na kidogo ya pili.

Wanaojua shamba wameshaelewa. Kipande cha kando ya kijito ndicho chenye unyevu Januari na Februari, wakati juu kumekauka. Hapo ndipo penye migomba na mboga za kiangazi. Mikaratusi ikikaa miaka sita hapo, inakunywa maji, na ikikatwa inachipua tena, kung'oa visiki ni gharama nyingine. Nilimwambia hayo yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, hayo nayajua. Nimelima hapo kabla hujazaliwa. Sasa niambie, wewe unazo?"

Nilitulia. Nikafungua daftari langu. Nikitoa zile 3,000, nikijinyima, ningeongeza labda 2,000. Chama chetu kingenikopesha kidogo, lakini nina deni la chama kutoka mwaka jana. Na ninyi mnaosema vijana warudi shambani, niambieni nirudi wapi hapo. Vihiga, kwa sensa ya 2019, ina zaidi ya watu elfu moja kwa kila kilomita moja ya mraba. Wazee wetu waliliona hilo mapema, ndiyo maana mtakuta Wamaragoli Migori, na hata Kigumba huko Uganda, walikokwenda kutafuta mashamba. Shamba la babu liligawanywa kwa wana watano, la baba likabaki nusu eka na kidogo, na siku likigawanywa tena itakuwa bustani ya mboga yenye choo katikati. Kurudi kwangu hakungeongeza jembe ila mdomo wa kula.

Lakini pia sikubaliani na upande wa pili, ule unaosema kilimo kidogo kimekufa, watu wahamie mjini, wajengewe magorofa, vyakula vitoke kwenye mashamba makubwa. Nusu eka iliyokufa hainitumii chakula cha 4,850 kila mwezi. Pale Country Bus alfajiri kuna mamia ya magunia, kila moja na jina na namba. Huo ni mshahara unaolipwa na wanawake wa kijijini kwa waajiri wa Nairobi, na hauko kwenye bajeti yoyote ninayoisikia ikisomwa. Mama mboga wa sokoni angalau anatajwa kwenye kampeni. Huyu wa kushona gunia hata kutajwa hatajwi.

Kwa hivyo siku nyingine mkisikia mtu jukwaani anapanga ada, muulizeni sehemu ya nyumbani itatoka kwa kukodisha nini. Anayeongeza tozo kwenye hati ya mshahara, aulizwe amepiga hesabu ya mshahara upi, wa kapera au wa familia. Na anayewasuta wadaiwa wa mikopo aulizwe ni nani aliyekuwa akiwalisha walipokuwa wanatafuta kazi. Hayo hayana chama, unaweza kumuuliza hata yule uliyempigia kura.

Tulizungumza mara tatu zaidi wiki hiyo, mimi, mama na mdogo wangu. Mdogo wangu alisema anaweza kuahirisha mwaka mmoja, afanye kazi ya mjengo. Mama hakutaka hata kulisikia. Baba yetu aliahirisha, akasema, na hakurudi tena. Sikuwa na jibu. Mkataba uliandikwa mbele ya mzee wa mtaa, na kipande cha juu kikaachwa. Ile 3,000 nimeipandisha hadi 4,500, na Zimmerman ninaangalia chumba kimoja cha choo cha nje, nipunguze kodi.

Gunia la mwezi huu lilifika Jumanne. Lilikuwa jepesi, nilibeba kwa mkono mmoja mpaka stejini. Mrenda ulikuwepo, maharagwe yalikuwepo. Ndizi hazikuwepo. Jirani wa Kinangop aligonga mlango jioni na bakuli la viazi kama kawaida, akasimama akingoja nimtolee ndizi.